Ukiliwa, Nani Amekula?

Katika Kiswahili mcheza kamari hashindi wala hashindwi. Hula au huliwa. "Nimekula," husema mmoja akikusanya fedha. "Nimeliwa," husema mwenzake akijipapasa mifukoni. Nalipenda neno hili kwa sababu halifichi kitu. Linakiri kwamba kilichotoka kwako hakikupotea hewani, bali kimeingia katika tumbo la mtu. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kuna faida yoyote kucheza mara kwa mara mchezo wa kutia mali yako dau, mimi huanza na swali hilo la tumbo: ukiliwa, nani amekula, na akishakula anakwenda nacho wapi?

Nimechagua kulijibu swali hili kwa kupitia Yaeda Chini, ingawa aliyeniuliza yuko mbali sana na huko, nami nitamfikia baadaye.

Asiyepajua Yaeda Chini na aelewe kwamba ni bonde lililo chini ya milima ya Mbulu, upande wa ziwa Eyasi, katika Mkoa wa Manyara ambao ulimegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Unatoka Mbulu mjini kwenye baridi na mashamba ya mahindi na maharage, unateremka, na kadiri unavyoteremka ndivyo sweta linavyokuwa mzigo. Huko chini kiangazi ni vumbi na mibuyu. Masika sehemu ya bonde hugeuka kinamasi. Wamo Wairaqw walimao, Wadatoga na ng'ombe wao, Wanyisanzu, na wamo Wahadzabe, ambao wageni waliwazoea kwa jina la Watindiga. Hawa wa mwisho wameishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda ya porini na kurina asali. Hawazidi sana watu elfu moja, ukiwahesabu wa upande huu pamoja na wale wa upande wa Mang'ola.

Kila aliyewahi kutumwa kikazi huko bondeni alipanda mlima na sentensi moja mdomoni: "Wale watu kazi yao ni kamari tu." Nimeisikia kwa watumishi wa serikali, kwa wahubiri, na kwa wafanyabiashara ambao wao wenyewe hawakosi tiketi ya bahati nasibu. Sentensi hiyo imesemwa kwa namna ya kufunga mjadala. Mimi naona ndipo mjadala unapoanzia.

Mchezo wenyewe huitwa lukuchuko. Vifaa vyake havigharimu senti moja: ni vipande bapa vya gome la mti, upande mmoja una mikwaruzo, wa pili ni laini. Kila mchezaji ana kipande chake, na kipo kimoja kikubwa ambacho ndicho hakimu. Vyote hukusanywa mkononi na kurushwa kwenye shina la mti, kisha watu huinama kutazama vimelalaje. Ambaye kipande chake kimelala kama kile kikubwa, na vya wenziwe vimelala vingine, ndiye aliyekula. Isipotokea hivyo, hurushwa tena. Mrusho mmoja ni kitambo cha kufumba na kufumbua. Hakuna karani, hakuna daftari, hakuna mwenye meza. Nimekaa kando ya mti wa namna hiyo mchana mzima wa mwezi wa Septemba, na nilichokiona ni wanaume wanaorusha, wanaopiga kelele, wanaocheka, wanaonuna kidogo, na wanaorusha tena.

Na dau ni nini? Kwanza kabisa ni mishale, ile yenye chembe za chuma na sumu, ya kuulia wanyama wakubwa. Baada ya hiyo huja visu, mashoka, shanga, viko, nguo. Hivi si vitu vya mchezo. Mshale mmoja wa sumu ni kazi: chuma chapatikana kwa kubadilishana na majirani au kwa kufua misumari, sumu hupikwa kutokana na miti ambayo haioti kila mahali, mti wa mshale hunyooshwa kwa meno na kwa moto. Mtu aweza kuamka asubuhi na mishale kumi na kulala hana hata mmoja.

Kwa afisa aliyetumwa kuwafanya watu walime, jambo hili lilikuwa ushahidi tosha wa ujinga. Na maafisa walitumwa. Katikati ya miaka ya 1960 serikali, pamoja na wamisionari, ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe papo hapo Yaeda Chini wakae kijijini, wapate nyumba, shule na zahanati. Maradhi yaliwaingia, watu walikufa, na waliobaki wakarudi porini. Miaka ilipopita nchi nzima ikapata Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, iliyotaka kila mtu mwenye nguvu awe na kazi ya kueleweka. Katika fikra za wakati ule, mtu anayerusha magome mtini saa nne za asubuhi alikuwa mzururaji bila ubishi. Ninakumbuka mantiki ile, na sikatai kwamba ilikuwa na nia njema. Lakini haikuuliza swali la tumbo. Ilihesabu saa, haikufuatilia mshale.

Aliyeufuatilia mshale ni Mwingereza mmoja, James Woodburn, ambaye alianza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika mhadhara wa kumkumbuka Malinowski alioutoa mwaka 1981, uliochapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Man, alieleza jinsi jamii chache duniani zinavyodumisha usawa wa kweli, si usawa wa hotuba, na akaiweka kamari ya Wahadzabe kuwa mojawapo ya mitambo ya usawa huo. Ni maandiko ambayo ningependa kila mtumishi anayepangiwa Mbulu ayasome kabla hajafungasha. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni hii. Mtu anaingia mchezoni kwa tamaa ya kupata. Akipata, wenzake hawamwachi. Wanamfuata, wanamsihi, wanamkera, hata arudi mtini. Akirudi mara nyingi vya kutosha, ataliwa. Akikimbilia kambi nyingine na mzigo wake, huko nako uko mti na wako watu. Kwa hiyo vitu vinazunguka. Sumu inayopatikana upande mmoja wa nchi, na mawe ya kuchongea viko yanayopatikana upande mwingine, hufika kila mahali bila soko, bila dalali, na bila mtu kuwiwa na mtu. Tamaa ya kila mmoja ya kurundika ndiyo inayohakikisha kwamba hakuna anayerundika. Woodburn mwenyewe aliona kinaya hicho na hakukificha.

Sasa mimi nauhukumu mchezo huu, na pamoja nao maelezo ya Woodburn, kwa kuviangalia vile vinavyoushika usianguke. Cha kwanza ni kwamba lukuchuko haina fundi. Huwezi kujifunza kulirusha gome mpaka ukawala wenzako kila siku. Katika uwindaji wapo hodari na wapo wa hivi hivi, na hodari angeweza kujikweza. Lakini mishale yake hodari huyo huipeleka mtini ambako macho yake makali hayamsaidii. Cha pili, hakuna nyumba. Namaanisha hakuna mtu asiyecheza ambaye anakata sehemu yake katika kila mrusho. Mshale ulioliwa leo uko umbali wa hatua tano, mikononi mwa shemeji yako, na kesho kutwa waweza kuwa wako tena. Cha tatu, na hiki ndicho kilichonikaa zaidi, vipo vitu visivyotiwa dau. Upinde wa mtu hauchezewi. Mishale yake ya kuulia ndege, isiyo na sumu, haichezewi. Mfuko wake wa ngozi hauchezewi. Mwanamume aweza kuliwa vyote na bado akaondoka mtini na upinde begani, akapiga kanga au pimbi, akarina asali, akaishi. Hakuna sheria iliyoandikwa. Hata hivyo sijui kanuni bora zaidi ya kamari popote pale, na nimepata kusoma kanuni kadhaa za kamari zenye mihuri ya serikali.

Mbali ya hayo kuna suala la saa, ambalo maafisa walilishikilia sana. Mwishoni mwa kiangazi, maji yanapobaki madimbwi machache, wawindaji huvizia usiku penye maji, maana wanyama hawana budi kufika. Mchana ni joto la kupasua kichwa. Mtu aliyekesha akivizia, akashinda chini ya mti akirusha magome, hajaiba saa ya mtu.

Hapa sharti niseme pia mahali ambapo simfuati Woodburn mpaka mwisho. Kamari aliyoieleza ni ya wanaume, na usawa unaotokana nayo ni usawa wa wanaume. Wakati mishale inazunguka, wanawake wako wapi? Wamekwenda na vijiti vyao vya kuchimbia, wanachimba mizizi katika ardhi ngumu kama sakafu, watoto migongoni, na jioni watarudi na mzigo utakaoliwa na aliyekula na aliyeliwa kwa pamoja. Mwanamume aliyepoteza mishale yote ya sumu hawindi mnyama mkubwa mpaka apate mingine. Nyama hatakosa, kwa kuwa mnyama mkubwa akiangushwa ni wa kambi nzima. Lakini nyama hiyo kapiga mwingine, na mizizi kachimba mke au mama mkwe. Basi swali langu la nani amekula lina jibu la pili lisiloonekana pale mtini. Sisemi kwamba wanawake wa Kihadzabe wanalalamika kwa sababu hiyo. Sikusikia wakilalamika, na ni watu wasioogopa kusema. Nasema tu kwamba hesabu ya mtambo wa usawa haijakamilika mpaka tuutie ndani ule mzigo wa mizizi, na katika hoja ya kamari Woodburn hakuutilia uzito ambao ningeutilia mimi.

Naam. Sasa nimfikie aliyeniuliza.

Mpwa wangu yuko Kanada kimasomo, kijana mwenye akili na asiyekunywa, na kila Ijumaa jioni huenda dukani kucheza karata. Si karata hizi zetu za shupaza na kopa. Ni zile zilizochapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1993, Magic: The Gathering, zilizobuniwa na mwalimu wa hisabati aitwaye Richard Garfield, zimekuwa aina maelfu kwa maelfu, na huuzwa katika vipakiti vilivyofungwa ili mnunuzi asijue ndani mna nini. Aliniandikia hivi: "Mjomba, shikamoo. Wewe hupenda kupima mambo. Je, Ijumaa zangu zina faida, au natupa hela?" Akanifafanulia utaratibu. Watu wanane wanazunguka meza. Kila mmoja ananunua vipakiti vitatu. Wanafungua cha kwanza, kila mmoja anachagua karata moja, anampa wa kushoto zilizobaki, anapokea za wa kulia, anachagua tena, hadi zinakwisha. Cha pili kinazungushwa kwa kulia, cha tatu kwa kushoto tena. Halafu kila mtu anaunda fungu lake la karata arobaini na kupambana na wenzake. Washindi wanazawadiwa vipakiti vingine, na kila mtu anakwenda kwake na alizochagua.

Nilipenda ile sehemu ya kuzungusha. Ina utu ndani yake: unachukua kimoja na kumpa jirani kilichobaki, ukijua kwamba unampa na silaha ya kukupigia. Inataka fikra, kumbukumbu, na kumsoma mwenzio. Kama bao. Lakini bao letu, lenye mafundi wanaoheshimiwa Pwani nzima, kwa kawaida halina dau la mali. Fundi hula sifa, na mkono mmoja wa kete za komwe unatosha maisha. Huyu mpwa wangu kila Ijumaa hana budi kununua upya.

Nikamrudishia swali la tumbo. Akajibu kwa uaminifu. Mwanzo alikuwa akiliwa na wazoefu kila wiki. Sasa yeye ni mzoefu na anawala wageni. Karata nyingi alizozipata zimejaa masanduku chini ya kitanda na hazina bei. Chache zina bei nzuri, akaziuza. Alipojumlisha miezi kadhaa, zawadi na mauzo havikufikia alizotoa. Nilimuuliza: na wale mliokula meza moja, wao je? Nao vivyo hivyo. Wanane wote wamekaa, wote wametoa, na wote wamepungukiwa. Basi aliyekula hakuwa mezani.

Jambo la kushangaza ni kwamba mchezo huu ulipozaliwa haukuwa hivyo. Katika kanuni za mwaka 1993 kila mchezaji alitoa karata moja ya bahati kutoka fungu lake, ikawekwa kando, na mshindi akazichukua zote mbili. Huo ulikuwa undugu wa wazi na lukuchuko, au na gololi zetu za "kula" tulizocheza utotoni kwenye uwanja wa shule. Karata zingezunguka mkono kwa mkono. Watu hawakuupenda utaratibu huo. Aliyenunua karata yake nzuri hakutaka kuiona ikienda, tena ulinuka kamari, na kamari ina sheria zake. Mashindano yakaupiga marufuku, na punde ukaachwa. Kwa hiyo waliondoa hatari ya kuliwa na jirani, wakabaki na ile ya kununua. Kwa maoni yangu ni kuondoa sehemu ya mchezo iliyokuwa ikirudisha mali miongoni mwa wachezaji, na kuiacha ile inayoitoa nje. Najua mtu wa sheria atanicheka, na mzazi wa mtoto wa miaka 12 atanikasirikia, nao wana haki yao. Gololi nazo zilikuwa na kasoro ambayo kila aliyezicheza anaikumbuka: akitokea mtoto mwenye shabaha, mwisho wa wiki zote ziko kwake, na mchezo umekufa mpaka akubali kuwakopesha wenzake. Ndiyo maana nimesisitiza kwamba lukuchuko haina fundi. Mchezo wa ustadi ukitia dau la kweli huishia kwa mtoto mwenye shabaha.

Nilimwandikia hayo yote, akakaa kimya mwezi mzima, kisha akanipa habari iliyonifurahisha. Kumbe wapo wachezaji waliochoka kununua. Mmoja wao hukusanya karata mia tatu na sitini au zaidi, zote tofauti, akazitia sandukuni. Wakikutana huzichanganya, huzigawa katika mafungu kama vile vipakiti, huzizungusha na kuchagua kama kawaida, hucheza, na mwisho wa jioni karata zote hurudi sandukuni. Juma lijalo tena, kwa karata zile zile. Wamepata ule uzito wote wa kuchagua na kusoma wenzao, na nyumba haikati chochote. Alijiunga nao. Sasa hucheza mara nyingi kuliko zamani, na hatoi senti. Huo ndio uliokuwa ushauri wangu ingawa sikujua kama jambo hilo lipo: asiache, abadili mahali ambapo dau linakwenda. Kitu kimoja tu alinieleza kwa unyonge. Walipoondoa vipakiti na zawadi, wawili wa wale wanane hawakuja tena. Walisema bila kitu cha kupata hawaoni ladha.

Hao wawili nawaelewa, na ndiyo sababu siwezi kuwadharau wanaume wa bondeni. Mishale isingekuwa kitu, nani angekaa mtini siku nzima?

Kuhusu mikeka ya mpira sina maneno mengi. Tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 biashara hiyo ina bodi yake na leseni zake, na simu ya mkononi imeingiza nyumba ya kamari mfukoni mwa kila kijana. Kijana wa Haydom au wa Babati akiliwa leo, aliyekula hajui hata jina lake, wala hawezi kufuatwa na kukerwa hata arudi. Hapo ndipo neno letu linapokuwa chungu kabisa.

Linalonisumbua zaidi ni la huko huko chini. Mchezo wa lukuchuko ulisimama juu ya mishale, na mshale una tabia zake: unachakaa, sumu yake hupungua nguvu, huwezi kubeba mia, na nje ya kambi hauna wa kumpa isipokuwa mwindaji mwingine. Vitu vya namna hiyo vinakubali kuzunguka. Shilingi haikubali. Watalii wamekuwa wakija kwa wingi, hasa upande wa Mang'ola, kutazama watu wakiwinda asubuhi moja, nao huacha noti. Na penye noti pombe haiko mbali. Kitu gani kitamzuia aliyekula noti kumi asiondoke nazo? Wenzake watamfuata na kumsihi kama kawaida, lakini mwenye duka naye yuko njiani, na yeye hachezi, anapokea tu. Noti ikishavuka kaunta, hairudi mtini. Nyumba, ambayo haikuwamo mchezoni, imeingia kwa mlango wa nyuma, bila mtu kubadili hata kanuni moja ya kurusha gome. Hili Woodburn hakulijadili katika hoja yake ya kamari, na kwa miaka aliyoishi porini halikuwa na uzito huu. Leo mtu anayeusifu mchezo huo kwa maneno yake ya mwaka 1982, bila kuuliza kilichowekwa dau ni nini, anasifu kitu ambacho huenda hakipo tena kwenye kambi iliyo mbele ya macho yake.

Rafiki mmoja wa huko, mtu mzima, niliwahi kumuuliza kama fedha inachezewa sawasawa na mshale. Alifikiri kwanza. Alinieleza kuwa mshale unaujua ni wa nani hata ukiwa kwa mwingine, kwa kuwa kila fundi ana mkono wake. Noti zote ni sura moja. Sikuandika maneno yake na sitajifanya nayakumbuka neno kwa neno, ila maana ilikuwa hiyo.

Hata hivyo upo upande mwingine, nao ningependa uangaliwe na watu wenye muda kuliko mimi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hili walipata hati ya kimila ya ardhi, iliyotolewa kwa jamii nzima na si kwa mtu mmoja mmoja. Hakuna mwanamume awezaye kuichukua hati hiyo akaenda nayo mtini. Baadaye zikaanza kuja fedha za hewa ya ukaa, kwa kuwa misitu yao haikatwi, nazo huingizwa katika mfuko wa jamii: hulipa walinzi wa ardhi, hulipia matibabu na masomo ya watoto. Kwa hiyo bondeni sasa kuna fedha za aina mbili: hizi za mfuko, ambazo kabla ya kutumika lazima watu wakae na kusemezana, na zile za mtalii, ambazo humwangukia mmoja mkononi saa tatu asubuhi. Za mfuko naziona zimekaa upande wa upinde na mfuko wa ngozi, upande wa visivyochezewa. Kuhusu zile za pili, nilipoondoka mara ya mwisho vijana walikuwa wakibishana chini ya mbuyu iwapo mtu akiliwa noti aruhusiwe kulipa kwa mishale, na mishale mingapi, na wazee hawakuwa wamesema kitu.